Dekoda ya kadi au ya prosesa: nani anachelewesha kazi yako ya kubana video?

Karibu kwenye somo la leo. Una faili la 4K lililotoka kwenye simu, mteja anataka la 1080p litakalocheza kwenye televisheni yoyote, na kompyuta inasota. Mtu amekwambia washa dekoda ya kadi ya grafiki, kazi itakwenda mbio. Wapo waliowasha ikaenda mbio kweli. Wapo waliowasha na hakuna kilichobadilika. Na wapo ambao kazi ilizidi kuwa polepole, ingawa hawakukosea chochote. Kwa hiyo leo tunapima kwanza, kisha ndiyo tunaamua.

Kubadilisha video ni kazi mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kusimbua: faili lililobanwa linafunguliwa liwe fremu kamili, moja baada ya nyingine. Ya pili ni kusimba: fremu hizo zinabanwa upya kwa kodeki unayoitaka, yaani kanuni ya kubana video kama H.264 au HEVC. Kinachosimbua kinaitwa dekoda, kinachosimba kinaitwa enkoda. Hapo katikati ndipo unapopunguza ukubwa, unapoweka nembo, unapochoma maandishi juu ya picha. Kusimbua kunaweza kufanywa na prosesa kwa kutumia programu, au na sehemu maalumu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kwa NVIDIA inaitwa NVDEC. Kwa Intel ni Quick Sync, iliyoanza mwaka 2011 na prosesa za Sandy Bridge. Kwenye Mac unaifikia kupitia VideoToolbox. Sehemu hiyo siyo vile viini vinavyochezesha magemu. Ni kipande cha pembeni chenye kasi yake, na mara nyingi kadi ya bei mbaya haina dekoda ya haraka kuliko kadi ndogo ya kizazi hichohicho.

Sasa fikiria kibanda cha chipsi. Kama karai ni moja na limejaa, kuongeza mtu wa kumenya viazi hakuongezi sahani hata moja. Kusimbua ndiko kumenya, kusimba ndiko kukaanga. Swali letu la leo ni kwamba kwako wewe, foleni iko kwenye viazi au kwenye karai?

Tutatumia FFmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, kwa sababu inakuonyesha namba waziwazi. Fungua terminali, nenda kwenye folda yenye faili lako. Mimi faili langu naliita harusi.mp4. Andika:

ffmpeg -hwaccels

Unapata orodha: cuda, qsv, d3d11va, vaapi, videotoolbox, kutegemea mashine. Usishangilie mapema. Orodha hii inaonyesha njia ambazo FFmpeg yako imejengwa nazo, haisemi kwamba kompyuta yako inaziweza. Unaweza kuona cuda pale na kadi ya NVIDIA huna.

Pili, lijue faili lako:

ffprobe harusi.mp4

Tafuta mstari wenye neno Video. Langu linasema hevc, Main, yuv420p, 3840x2160, fremu 30 kwa sekunde. Hiyo yuv420p ikumbuke, tutairudia, maana ndipo watu wa kamera kubwa wanapokwama.

Sasa kipimo chenyewe. Tunataka kusimbua peke yake, bila kubana chochote:

ffmpeg -benchmark -i harusi.mp4 -map 0:v:0 -f null -

Ile null na kistari cha mwisho maana yake ni fungua fremu zote kisha zitupe. Hakuna faili litakalotoka. Kama video yako ni ya saa mbili, weka -t 60 kabla ya -i ili usome dakika moja tu. Angalia chini kabisa, kuna speed=. Ikisema 6x, maana yake prosesa inafungua sekunde sita za video kwa kila sekunde moja ya saa ya ukutani. Iandike pembeni. Na mwishoni utaona mstari wa bench wenye utime na rtime. Utime ni muda wa prosesa ukijumlisha viini vyote, rtime ni muda halisi uliopita. Utime ikiwa kubwa mara kadhaa kuliko rtime, usishtuke, ni viini vingi vilivyofanya kazi kwa pamoja.

Rudia jambo lilelile, ila sasa kwa kadi:

ffmpeg -benchmark -hwaccel cuda -i harusi.mp4 -map 0:v:0 -f null -

Mwenye Intel aandike qsv, mwenye Mac aandike videotoolbox, mwenye AMD kwenye Linux aandike vaapi. Angalia -hwaccel imekaa wapi: kabla ya -i. Ni maelekezo kwa faili linaloingia. Ukiiweka baada ya hapo, FFmpeg itakugomea na kukwambia umetumia chaguo la kuingiza kwenye faili la kutoka.

Wakati inakimbia, kwa Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, chagua GPU. Kuna grafu imeandikwa Video Decode. Lazima ipande. Ikilala chini kabisa, dekoda ya kadi haijafanya kazi, maana FFmpeg ina tabia moja: kadi ikishindwa, mara nyingi inarudi kimyakimya kwa prosesa na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ujumbe wa kushindwa unakuwepo, lakini umefukiwa katikati ya mistari mingine. Nina hakika nusu ya mabishano ya "nimewasha na hakuna tofauti" ni hili tu, mtu hakuwasha kitu.

Jambo la pili kuhusu amri hiyo. Kadi imefungua fremu, zimekaa kwenye kumbukumbu ya kadi, lakini sisi hatukuomba zibaki huko. Kwa hiyo kila fremu inanakiliwa kurudi kwenye RAM. Piga hesabu: 3840 mara 2160 mara 1.5 (baiti za kila pikseli kwenye yuv420p) ni kama megabaiti 12.4 kwa fremu moja ya biti 8. Fremu 30 ni megabaiti 373 kwa sekunde ya video. Ukikimbia kwa 8x, unahamisha karibu gigabaiti 3 kila sekunde. Baadhi ya laptopu zimeunganisha kadi kwa njia nne tu za PCIe 3.0 (barabara ya data kati ya kadi na kompyuta), ambazo uwezo wake hauzidi gigabaiti 4 kwa sekunde. Barabara inajaa. Jaribu sasa kuziacha fremu hukohuko:

ffmpeg -benchmark -hwaccel cuda -hwaccel_output_format cuda -i harusi.mp4 -map 0:v:0 -f null -

Kama speed imepanda sana kuliko amri iliyotangulia, basi mzigo ulikuwa kwenye kusafirisha, siyo kwenye kusimbua.

Sasa una namba tatu. Twende kwenye kubana, na hapa naomba utulie kidogo.

Tuseme prosesa yako inasimbua kwa 6x. Tuseme pia kwamba kubana kwa libx264 (enkoda ya H.264 inayotumia prosesa) kwa preseti ya slow, yaani mpangilio wa polepole, bila mzigo mwingine, kungekwenda kwa 0.6x. Zote mbili zinagombea viini vilevile. Sekunde moja ya video inakula sekunde 0.167 za kusimbua na 1.667 za kusimba, jumla 1.833. Kwa hiyo video ya saa moja inachukua dakika 110. Ukimpa mwingine kazi ya kusimbua na kuiondoa yote kwenye prosesa, inabaki dakika 100. Umeokoa dakika kumi, na hapo nimedhani kwamba kunakili fremu ni bure, wakati siyo bure.

Badilisha preseti iwe ultrafast, tuseme nayo ni 6x. Sasa 0.167 na 0.167, spidi ya pamoja 3x. Ondoa kusimbua, unapata 6x. Kasi imezidi mara mbili, kwa kompyuta ileile na faili lilelile. Ndiyo maana watu wawili wanabishana kuhusu kitu kimoja na wote wako sahihi.

Kwa hiyo kama unabana kwa libx264 au libx265 (ndugu yake wa HEVC) kwa preseti za polepole, kwa ajili ya kuhifadhi, mimi nakushauri uachane na dekoda ya kadi. Faida ni ndogo na unaongeza kitu kinachoweza kuharibika njiani. Na kama faili ni H.264 ya 1080p na prosesa ina viini vingi, kuna nafasi kubwa kwamba prosesa itaishinda kadi kwenye kusimbua. Ukiiwasha kadi hapo, umejiwekea kizuizi mwenyewe.

Mambo yanageuka ukibana kwa kadi. Andika hii, ambayo h264_nvenc ndiyo enkoda ya kadi ya NVIDIA:

ffmpeg -hwaccel cuda -hwaccel_output_format cuda -i harusi.mp4 -vf scale_cuda=1920:1080 -c:v h264_nvenc -preset p5 -rc vbr -cq 23 -b:v 0 -c:a copy ndogo.mp4

Fremu imefunguliwa kwenye kadi, imepunguzwa kwenye kadi, imebanwa kwenye kadi. Haijashuka kwenye RAM hata mara moja. Fungua grafu zako: Video Decode iko juu, Video Encode iko juu, prosesa inapumua. Sasa itoe ile scale_cuda, weka scale ya kawaida. Inakataa, inasema haiwezekani kubadilisha kati ya miundo ya fremu. Ni kwa sababu scale ya kawaida inasoma RAM, na fremu haziko huko. Ujumbe huohuo utakutana nao kwa video ya simu iliyopigwa wima, kwa kuwa FFmpeg inajaribu kuizungusha yenyewe kwa kichujio cha prosesa. Weka -noautorotate kabla ya -i, kisha hakiki mwelekeo wa video iliyotoka kabla hujamtumia mteja.

Tuseme unataka kuchoma maandishi juu ya picha. Kichujio cha subtitles kinafanya kazi kwenye RAM. Ukisimbua kwa kadi, fremu inashuka RAM, inaandikwa, inapanda tena kwenye kadi kubanwa. Safari mbili. Ukisimbua kwa prosesa, fremu tayari iko RAM, inapanda mara moja. Hawa ndio wale ambao kazi yao ilizidi kuwa polepole. Kwa kazi ya namna hii naanza na prosesa, halafu napima.

Hapo katikati nataka nivunje dhana moja, kwamba dekoda ya kadi inaharibu picha. Kwa H.264 na HEVC, kiwango chenyewe kinaagiza matokeo ya kusimbua yawe yaleyale biti kwa biti. Usiniamini mimi, jaribu:

ffmpeg -t 10 -i harusi.mp4 -map 0:v:0 -pix_fmt yuv420p -f md5 -

Kisha rudia na -hwaccel cuda mbele. Namba za MD5, yaani alama inayohesabiwa kutoka kwenye fremu zenyewe, zinatakiwa zifanane. Ubora unaopotea unapotea kwenye kusimba, na huko ndiko enkoda ya kadi na libx264 zinakotofautiana.

Sasa wale wa kamera. Kama ffprobe imekuonyesha yuv422p10le, hiyo ni 4:2:2 ya biti 10, yenye taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko yuv420p, ambayo kamera kama Canon EOS R5 na Sony A7 IV zinaweza kurekodi. Kadi za NVIDIA kabla ya RTX 50 za mwaka 2025 hazisimbui 4:2:2, hata ile uliyoinunua kwa mamilioni. Chipu ya grafiki iliyo ndani ya prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea inaisimbua HEVC ya 4:2:2 biti 10. Kwa hiyo mwenye laptopu yenye vyote viwili anaweza kusimbua kwa qsv. AV1, kodeki nyingine mpya zaidi, nayo ina mipaka yake: kwa NVIDIA, kusimbua kulianza na RTX 30 mwaka 2020, na kusimba na RTX 40 mwaka 2022.

Jambo jingine ni toleo. Tangu FFmpeg 7.0, iliyotoka Aprili 2024, kusimbua, vichujio na kusimba vinakwenda sambamba, kila kimoja kwenye uzi wake. Ukilinganisha namba zako na za mtu mwingine, muulize kwanza anatumia toleo gani.

Wanaotumia HandBrake, programu ya kubadilisha video kwa vitufe badala ya amri, mantiki ni hiihii. Kwenye mapendeleo, sehemu ya video, kuna visanduku vya kuruhusu dekoda za Quick Sync na NVDEC. Vichujio vyake vingi vinafanya kazi kwenye prosesa, kwa hiyo fremu zitashuka RAM tu. Chukua kipande cha dakika moja, kikimbize kisanduku kikiwa na tiki, kisha bila tiki, linganisha fremu kwa sekunde.

Na ikitokea namba zimelingana kabisa? Kwa kompyuta ya mezani acha prosesa ifanye. Kwa laptopu, hasa Dar es Salaam mwezi wa Februari, mimi naiwasha dekoda ya kadi, kwa sababu prosesa inayochemka hujipunguzia kasi yenyewe, na nikiwa na faili kumi za foleni nataka la kumi liende kwa mwendo wa la kwanza.