Saa mbili ipi? Damu kuvuja kichwani baada ya mshipa kuziba

Ahsanteni. Ndugu zangu wauguzi, matabibu, na hasa nyinyi wa mapokezi: leo nazungumza na nyinyi zaidi kuliko na madaktari.

Kiharusi mnakijua, sitachora ubongo hapa. Nazungumzia yule mgonjwa ambaye mshipa wake umeziba, haukupasuka. Picha ya kichwa ya CT haina damu. Kesho yake unarudia picha, damu ipo. Imetoka wapi? Kuta za mishipa nazo ni nyama hai. Zikikosa damu kwa muda mrefu zinalegea. Bonge la damu lililoziba mshipa likiyeyuka, damu inarudi kwa nguvu kwenye kuta zisizoweza tena kuizuia, inapenya ndani ya ubongo. Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha bonge, alteplezi, ina ukomo wake: dakika 270 tangu dalili zianze. Nasema dakika makusudi. Mtaona kwa nini.

Alfajiri moja, saa kumi, hospitali niliyokuwa nikifanya kazi ililetewa mzee. Upande wa kulia haunyanyuki, hasemi. Faili limeandikwa: dalili zimeanza 2:00. Kwa hiyo dakika 120 tu! CT safi, presha inaruhusu, uzito kilo 70. Tukapiga hesabu, miligramu 63, na kichupa kikafunguliwa. Bintiye amesimama mlangoni, ameshika kandambili za baba yake. Muuguzi mmoja wa makamo, mwepesi wa kuuliza, akamgeukia: "Mwanangu, baba alipatwa mkiwa mmeshalala?" Binti akasema, "Hapana mama, tulikuwa sebuleni, taarifa ya habari ndiyo inaanza."

Taarifa ya habari! Saa mbili ya binti ilikuwa saa 20:00. Aliyeandika faili alisikia mbili, akaandika mbili. Dakika 480 zilikuwa zimeshapita, na sisi tulikuwa tunakaribia kumpa mzee dawa ambayo kwa wakati ule ingeweza kummwagia damu kichwani. Sindano ikawekwa chini.

Mtaniambia: daktari, tuandike kwa mtindo wa saa 24, tatizo limekwisha. Halijaisha. Kuandika mnaandika kwa saa 24, lakini kuuliza mnauliza kwa Kiswahili, na mke wa mgonjwa anajibu kwa Kiswahili. Kosa liko kati ya sikio na kalamu. Muulizeni jambo, msiulize namba peke yake: ilikuwa kabla ya isha au baada? Watoto walikuwa wameshakwenda shule? Halafu rudieni mbele yake: "Yaani saa mbili usiku, taarifa ya habari?" Akiitikia, andikeni 20:00.

Wengine watasema, kwetu dawa hiyo haipo, inatuhusu nini? Barua ya rufaa mnaandika nyinyi. Huko aendako watasoma muda mliouandika nyinyi, na pengine ndugu aliyeona hakupanda gari la wagonjwa. Isitoshe, ubongo ulioziba mshipa huweza kuvuja hata bila dawa hiyo, hasa eneo lililokufa likiwa kubwa.

Wala sitaki mtoke hapa mnaiogopa alteplezi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1995 ulionyesha kuvuja kulikomzidishia mgonjwa hali kwa asilimia 6.4 ya waliopewa ndani ya saa tatu za mwanzo, dhidi ya 0.6 ya wasiopewa. Ni hatari ya kweli. Lakini baada ya miezi mitatu, waliobaki na ulemavu mdogo au bila ulemavu kabisa walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa. Dawa ni nzuri. Inachotaka ni muda ulio sahihi.

Mengine nayapitia haraka, muda umenibana. Presha: kabla ya dawa iwe chini ya 185/110, na baada yake isizidi 180/105 kwa siku nzima. Kwa hiyo ipimwe usiku kucha, hata mgonjwa akionekana amelala vizuri. Sukari iliyopanda nayo huongeza hatari, pimeni kwenye kidole kabla ya lolote. Ulizeni kuhusu wafarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda. Mwambieni ndugu alete mfuko mzima wa dawa. Na aspirini: mgonjwa akishapewa alteplezi, aspirini isubiri saa 24 na picha ya pili. Umri na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, tutayazungumza siku nyingine.

Dada pale nyuma ananyoosha mkono. Anauliza, je, aliyeamka asubuhi tayari ana kiharusi? Swali zuri. Hatuhesabu tangu alipoamka. Tunahesabu tangu mara ya mwisho kuonekana mzima. Kama alimuaga mkewe saa nne usiku akaenda kulala, andikeni 22:00. Penye mashine ya picha ya MRI wanaweza kukadiria zaidi. Lakini kama saa saba usiku aliamka kwenda msalani akaongea vizuri na mkewe, basi andikeni 01:00, na hiyo anaijua mke peke yake. Muulizeni.