Redio ya Mzee na Sweta ya Mama

ZUHURA: Haya karibuni tena, mi Zuhura, na huyu hapa Baraka ambaye leo kaja studio na redio bovu kwapani.

BARAKA: Sio bovu bwana, imepumzika.

ZUHURA: Imepumzika toka lini?

BARAKA: Toka mzee afariki, miaka tisa hivi. Antena ilikatika kitambo akachomeka waya wa hanga, swichi ya sauti ndo hiyo inacheza kama jino. Ila hebu angalia hapa kwenye kioo, unaiona hii plasta? Aliibandika mwenyewe afu akachora mstari kwa peni ya bluu pale habari zinaposhika vizuri, maana sisi watoto tulikuwa tunazungusha zungusha anakuta stesheni imepotea. Mtu mwingine anaona takataka, mi nikiona huu mstari namwona mzee kainama, kidole mdomoni, anatunyamazisha asikie habari.

ZUHURA: Na fundi umempelekea?

BARAKA: Nilimpelekea, akasema kaka hii naifufua, nakuvalisha na kava jipya, hili lizee tunatupa. Nikabeba redio yangu nikaondoka. Njiani nikawa najiuliza, sasa mi nilienda kutafuta nini, si ingeimba?

ZUHURA: Ulienda na plasta ukataka urudi na plasta. Sikia, kuna watafiti wawili, Bruce Hood na Paul Bloom, mwaka 2008 walichapisha jaribio moja tamu sana, waliwaonyesha watoto wa miaka 3 mpaka 6 mashine ya uongo uongo, maboksi mawili, wakawaambia ukitia kitu humu kule kinatoka kingine kilekile. Midoli ya kawaida wakatia bila shida, wengi hata walichagua hiyo nakala. Ikaja zamu ya kile kidoli au blanketi mtoto analala nalo kila siku, wapo waliokataa hata kulitia kwenye boksi, na waliotia wengi wakasema nipe langu lilelile.

BARAKA: Na hajafundishwa na mtu.

ZUHURA: Hajafundishwa.

BARAKA: Mi nilidhani ni ule ubinadamu tu wa changu ni changu. Kuna lile jaribio la vikombe la watafiti kina Kahneman na Thaler, 1990, wanafunzi wengine wakapewa kikombe wengine hawakupewa, waliopewa wakataka kukiuza kama mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kununulia. Na kikombe wamekuwa nacho muda mfupi tu!

ZUHURA: Hapana, usichanganye, hao walikuwa na bei, kubwa ila ipo. We hiyo redio una bei?

BARAKA: ...Sina.

ZUHURA: Haya. Mi nna sweta ya mama. Niliiweka kwenye mfuko nikapiga fundo, nikawa nafungua mara moja moja nanusa nafunga haraka haraka, kama mtu anayebania kitu kisiishe. Mdogo wangu akaja likizo, kwa roho safi kabisa akafanya usafi chumba kizima, sweta akaifua, akaipiga pasi, akaikunja vizuri juu ya kitanda. Nafika naikuta inanukia sabuni.

BARAKA: Daah.

ZUHURA: Sikumwambia kitu. Afu kesho yake nikamgombeza kwa ajili ya sahani.

BARAKA: Sahani imekukosea nini sasa!

ZUHURA: Haijanikosea kitu! Na harufu ina ubaya wake we, maana njia yake kwenye ubongo iko jirani kabisa na sehemu za hisia na kumbukumbu, ndo maana ukinusa hukumbuki tu, unarudi pale pale. Sasa hivi nimebaki na kiraka cha kwenye kiwiko, alishonea uzi wa kijani kwenye sweta ya kahawia sababu ndo uliokuwepo. Huo haujafulika.

BARAKA: Wale wanaosema vitu vya kumbukumbu piga picha afu gawa, unawaonaje?

ZUHURA: Kwa madaftari ya shule na vikombe vya mashindano sawa, piga picha toa, nyumba ipumue. Kiraka je, picha utaishika ukasikie nini? Ila Baraka, tuache utani, nyumbani kwako nani mwingine anajua huo mstari ni wa nini?

BARAKA: Hakuna. Tena juzi mwanangu aliibandua kona, si unaona hapa imenyanyuka, nilimfokea mpaka akalia.

ZUHURA: Ukamweleza?

BARAKA: Nilishamfokea...

ZUHURA: Nimeuliza ulimweleza?

BARAKA: Unajua kabla hajabandua aliniuliza, baba huu mstari wa nini. Nilikuwa kwenye simu. Nikamwekea kidole mdomoni.