Mkaratusi huu ni upi? Gome, jani, tumba na kitunda

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Leo ni mikaratusi, na tunaifuata nyumbani kwake Australia. Kaka Juma, spishi zimepita 800. Mtu akisimama mbele ya mti mmoja, anaanza na nini?

JUMA: Anaanza na gome, kwa sababu ndilo lililo mbele ya macho yake. Ila asitegemee jina kutoka hapo. Gome linakupeleka kwenye kundi tu. Jina utalipata kwenye tumba na kitunda, na mara nyingine kwenye mbegu.

REHEMA: Tuchague mahali basi, tusielee hewani.

JUMA: Tuchukue misitu ya kuzunguka Sydney. Pale magome ya kila namna yamekaa jirani. Swali la kwanza: gome gumu linapanda mpaka wapi? Usiulize “laini au gumu?” Uliza “mpaka wapi?” Eucalyptus saligna ana soksi fupi ya gome gumu chini, mara nyingi mita 1 hadi 4, halafu juu ni laini, la kijivu cha kibuluu. Eucalyptus pilularis gome gumu linafika karibu nusu ya shina, kisha linakatika na juu ni jeupe. Ukifika kwa Eucalyptus paniculata, gome gumu linapanda hadi kwenye matawi.

REHEMA: Na huyo paniculata ndiye wa gome la chuma.

JUMA: Ndiye mmojawapo. Gome lake ni gumu kwelikweli, lina mifereji mirefu ya kina, na ndani limejaa utomvu mwekundu uliokauka. Ukilibonyeza kwa kidole gumba halibonyei. Linganisha na Eucalyptus robusta wa sehemu za majimaji: gome nene, jekundu-kahawia, ukilibonyeza linaingia ndani kidogo. Kundi la nyuzi, kama Eucalyptus obliqua, ukivuta kwa vidole unatoka na uzi mrefu unaoweza kuusokota. Ukivuta, zikatoka nyuzi fupi laini zinazokatikakatika, hapo umeingia kundi jingine. Kwa hiyo gusa. Picha haikuambii hilo.

REHEMA: Halafu kuna lile lililopasuka vipande vidogo vya pembe nne.

JUMA: Corymbia gummifera. Vipande hivyo vinaenda mpaka matawi madogo. Mti ukijeruhiwa, unatoa utomvu mwekundu mwingi. Hapo umeshatoka kwenye jenasi ya Eucalyptus. Mwaka 1995 wataalamu Ken Hill na Lawrie Johnson waliitenga Corymbia iwe jenasi peke yake. Ya tatu ni Angophora. Kwa lugha ya kawaida zote tatu ni mikaratusi.

REHEMA: Haya, niambie gome linadanganya wapi.

JUMA: Sehemu nne. Moto kwanza: shina lililoungua linakuwa jeusi, na mtu anadhani ameona gome la chuma. Angalia upande ambao moto haukupita. Pili umri: mche wa gome la nyuzi bado haujawa na nyuzi za maana. Tatu msimu: Angophora costata akishabambua gome la zamani, kuanzia majira yao ya kuchipua hadi kiangazi, anabaki wa rangi ya waridi au machungwa. Njoo miezi kadhaa baadaye, ni wa kijivu. Mti ni uleule.

REHEMA: Ya nne?

JUMA: Maandishi. Kuna mikaratusi ina michoro ya mistari iliyopinda shinani. Ni kazi ya viwavi wa nondo wadogo wa jenasi Ogmograptis. Kiwavi anachimba njia kati ya gome la zamani na jipya, anaenda, anageuza, anarudi sambamba na njia yake. Gome la zamani likianguka, njia inabaki wazi. Mti maarufu kwa hilo ni Eucalyptus haemastoma, kwa hiyo watu wakiona michoro wanamtaja huyo moja kwa moja. Lakini pilularis naye huchorwa. Mchoro unakuambia nondo alipita, basi.

REHEMA: Tushike jani.

JUMA: Kabla ya kulishika, hakikisha limetoka wapi. Majani ya mti mchanga, na yale yanayochipua shinani baada ya moto au kukatwa, hayafanani na ya mti mzima. Eucalyptus globulus ni mfano mzuri: majani machanga yamekaa mawilimawili, hayana kikonyo, ni mapana, yana unga wa kibuluu, na kijiti chake ni cha pembe nne. Majani ya utu uzima yanapishana, ni marefu, yamepinda kama mundu, yananing’inia. Mtu akikuletea ya kwanza na ya pili bila maelezo, utaapa ni miti miwili.

REHEMA: Kwa hiyo jani la kutambulia lichumwe kwenye ncha za matawi ya juu.

JUMA: Ndiyo, na uandike kama ni changa au pevu. Yote mawili yana kazi, mradi usiyachanganye. Sasa, majani pevu yakikaa mawilimawili yanatazamana, fikiria Angophora kwanza. Kwenye Eucalyptus nyingi majani pevu hupishana. Kisha geuza jani. Saligna, robusta na Eucalyptus grandis ni kijani kilichokolea juu, chini kimepauka. Eucalyptus camaldulensis pande zote mbili ni rangi moja.

REHEMA: Mishipa?

JUMA: Inua jani dhidi ya jua uangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Gummifera na Angophora mishipa ya pembeni imebanana, mingi, inatoka kwenye mshipa mkuu kwa pembe pana, karibu pembe mraba. Eucalyptus pauciflora, yule wa milimani kwenye theluji, mishipa yake mikubwa inakwenda kwa urefu wa jani, sambamba na mshipa mkuu. Huyo huna haja ya kuhangaika naye. Vile vidoti vinavyopitisha mwanga ni vifuko vya mafuta.

REHEMA: Hapo ndipo harufu inatoka. Wengi hufikicha jani, wananusa, wanatoa hukumu.

JUMA: Harufu ni shahidi wa pili, asiitwe wa kwanza. Corymbia citriodora ananukia limau, sawa. Eucalyptus piperita ananukia mnanaa, na mafuta yake yalikamuliwa na John White, daktari wa msafara wa kwanza wa Waingereza waliofika Sydney mwaka 1788. Lakini spishi zenye harufu ile “ya dawa ya kifua” ni nyingi mno. Na ukishafikicha mti wa tatu, vidole vyako vyote vinanuka kitu kimoja.

REHEMA: Haya, tumba. Mimi naona hapa ndipo kwenye utamu wa somo.

JUMA: Ndipo. Tumba la Eucalyptus halina petali zinazofunguka. Zimeungana kuwa kifuniko, kinachotengana na kikombe pande zote kikaanguka, ndipo stameni, zile nyuzi zenye chavua, zinajikunjua. Rangi yote unayoiona kwenye ua ni stameni. Angophora hana kifuniko: ana petali ndogo zilizo huru. Ukiona petali huru kwenye ua, na majani yanayotazamana, jenasi imeshajulikana.

REHEMA: Kuhesabu matumba kunasaidia?

JUMA: Sana. Hesabu yaliyo kwenye kikonyo kimoja kinachotoka kwenye kwapa la jani. Namba huwa 1, 3, 7, 9, 11 na kuendelea. Globulus wa kawaida ana 1, kubwa, lina vinundu na unga mweupe. Eucalyptus viminalis ana 3. Saligna ana 7 au zaidi. Ukihesabu 5 au 6, usiandike 5 au 6. Tafuta kovu la lililodondoka. Kagua angalau vishada kumi.

REHEMA: Na kuna kovu jingine, lile la kwenye tumba lenyewe.

JUMA: Hilo watu hawaliangalii, na ndilo linaokoa muda kuliko kitu chochote. Kundi kubwa ndani ya Eucalyptus lina vifuniko viwili. Cha nje hudondoka mapema, tumba likiwa bado changa, kinaacha pete nyembamba kuzunguka katikati. Saligna, robusta na camaldulensis wana pete hiyo. Pilularis, piperita, haemastoma na obliqua wana kifuniko kimoja, kwa hiyo hawana pete. Ukiwa na lenzi, kwa sekunde chache tu umegawa msitu mafungu mawili. Tahadhari moja: zipo spishi zinazoshikilia kifuniko cha nje mpaka kuchanua, kwa hiyo kukosa pete peke yake si ushahidi kamili.

REHEMA: Na yale makundi mawili hayazaani.

JUMA: Hayazaani. Machotara hutokea ndani ya kundi. Mti ukiwa katikati ya saligna na jirani yake wa karibu, huenda ni chotara. Mtu akikuambia ni chotara wa saligna na pilularis, rudi ukaangalie upya.

REHEMA: Kitunda sasa.

JUMA: Kitunda ni kikombe cha mti mgumu, na uzuri wake ni kwamba kinakaa muda mrefu. Hata bila maua utakipata. Pima urefu na upana kwa milimita, bila kikonyo. Kisha mambo matatu kinywani. Je, kuna shingo? Gummifera ana kitunda kikubwa cha umbo la mtungi, karibu sentimita 2, chenye shingo. Piperita ni kidogo na mdomo umebana. Pili, ukingo, ile sehemu kati ya mdomo na vali, yaani vile vipande vinavyofunguka kuachia mbegu: umeinuka, uko sawa, au umezama? Haemastoma ana ukingo mpana wa kahawia-wekundu. Tatu, vali zenyewe: ngapi, na zimetokeza au zimejificha?

REHEMA: Angophora?

JUMA: Kitunda kina mbavu kwa nje na vijino mdomoni. Hutakikosea.

REHEMA: Watu wengi huokota vilivyo chini ya mti.

JUMA: Na hapo ndipo wanapobeba kitunda cha jirani. Miti imebanana, upepo unavuma, ndege wanaangusha. Kitunda ni cha mti ule pale tu unapokiona kwenye tawi lake. Chukua darubini, hakikisha vya juu vinafanana na ulivyookota. Na katika hifadhi za taifa za New South Wales hairuhusiwi kuchuma bila kibali, kwa hiyo piga picha na rula ionekane.

REHEMA: Sasa tulete nyumbani. Afrika Mashariki, mtu ana shamba la “saligna”.

JUMA: Na mara nyingi ni grandis. Jina saligna limebandikwa kwa miaka mingi kwenye miti ambayo ni Eucalyptus grandis, na ukisimama shambani gome halikusaidii: wote wana soksi fupi chini na shina laini juu. Fungua kiganja, weka kitunda kilichokauka, angalia vali kwa lenzi. Za saligna zimesimama wima au zimejipinda nje, nyembamba, zina ncha. Za grandis zimeinama kwa ndani. Usitumie kitunda kibichi, vali bado zimefungwa. Kiweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pa joto siku chache kifunguke. Ya plastiki inatoa jasho na ukungu.

REHEMA: Na kule kwenye ukame? Kuna camaldulensis na tereticornis, wanachanganywa kila siku.

JUMA: Wengi hutenganisha kwa kifuniko: tereticornis ana kirefu chenye umbo la pembe, camaldulensis ana kifupi chenye ncha ndogo kama mdomo wa ndege. Hiyo inafaa kwa camaldulensis wa kusini mwa Australia. Wa kaskazini mwa Queensland ana kifuniko kirefu vilevile, na mbegu zilizosafirishwa duniani hazikutoka sehemu moja. Kwa hiyo shuka hadi kwenye mbegu. Kitunda kikishafunguka ndani ya bahasha, utaona chembe nyingi nyepesi ambazo ni makapi. Ziache. Mbegu halisi za camaldulensis ni za njano hadi kahawia-njano. Za tereticornis ni nyeusi au kahawia iliyokolea.

REHEMA: Na anayetaka kuhakikisha?

JUMA: Kuna EUCLID, ufunguo wa Australia wa kutambulia mikaratusi, ulio bure mtandaoni. Unaingiza ulichokiona kwa mpangilio wowote, unachuja. Anza na vile ambavyo havina ubishi: idadi ya matumba, pete ipo au haipo, vali. Gome liingize mwisho, na kama ulikuwa na shaka nalo, liruke.