Jinsi ya kuitambua na kuichukua ruthafodini ya Uluguru

Karibuni tena watazamaji. Leo ni zamu ya Morogoro. Ruthafodini ni madini adimu ya urani. Mkemia Mjerumani Willy Marckwald ndiye aliyeyaeleza mwaka 1906, kutokana na mawe ya Milima ya Uluguru, na jina ni heshima kwa Ernest Rutherford.

Kabla ya nyundo, karatasi. Madini yanataka leseni, mambo ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na msitu wa juu huko Uluguru ni hifadhi. Kama huna kibali, video hii ni ya kujifunza tu.

Haya, tafuta penye ulanga, yaani mika, jiwe linalong'aa na kumenyeka kwa tabaka nyembamba. Ulanga wa Uluguru ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na urani hukaa kwenye pegmataiti hizohizo, mwamba wa chembe kubwakubwa za feldspa, kwatzi na ulanga. Usiingie kwenye mashimo ya zamani: kuta zimelegea, na radoni, gesi yenye mionzi inayotoka kwenye urani, hutuama humo. Kifusi cha nje kinatosha.

Nasogeza kamera, tazama hapa. Hiki cheusi kinachong'aa kama lami ni uraninaiti, madini makuu ya urani. Kikizungukwa na ganda la njano, lenye ungaunga na kuelekea kahawia, hapo moyo unadunda: uraninaiti ikiliwa na maji yenye kabonidayoksaidi hugeuka ruthafodini. Mara nyingine fuwele nzima imeshakuwa njano, ila umbo la uraninaiti limebaki vilevile.

Wengi huichanganya uraninaiti na turmalini nyeusi. Turmalini ina mistari inayofuata urefu wake na si nzito hivyo. Uraninaiti ya ukubwa uleule ina uzito wa kushangaza. Njano nayo isikudanganye, maana kutu ya chuma ni njano, na urani ina madini mengine ya njano chungu nzima. Jawabu la uhakika hutoka maabara, kwa eksirei.

Sasa washa kipima mionzi. Anza mbali na kifusi, kiache dakika moja, andika namba. Kisha kisogeze kwenye jiwe bila kuligusa. Kikianza kulia mfululizo, kuna urani au thori, metali nyingine yenye mionzi. Ni ipi kati ya hizo, hakikuambii.

Kuchukua ndipo penye kazi, na adui mkubwa ni vumbi. Mionzi ya alfa, aina moja ya mionzi ya urani, haivuki hata ngozi yako, lakini chembe ikishaingia mapafuni inakuchoma kwa ndani. Kwa hiyo vaa barakoa ya N95 na glavu, simama upande upepo unakotoka, lowesha jiwe kwa chupa ya kunyunyizia. Usiligonge, usilisugue. Na ile tabia yetu ya kulamba jiwe ili rangi itoke, hapa hapana kabisa! Lishike kwa koleo, mfuko wa zipu, kisha mfuko wa pili, kisha kopo. Andika mahali ulipolitoa na tarehe. Jiwe lisilo na anwani halina thamani kwa mtaalamu.

Kopo likae nyuma ya gari, si mapajani: ukizidisha umbali mara mbili, mionzi inabaki kama robo. Glavu zivuliwe kwa kugeuzwa ndani nje, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au sigara.

Nyumbani, weka kwenye stoo yenye hewa na kufuli, mbali na watoto. Chumba cha kulala hapana, maana radoni inaendelea kutoka. Ukilifungua kopo, lifungulie nje.