Kabla ya kwenda fildi: kuchora ramani ya miamba Geita

Ndugu wanafunzi, kwenye ramani ya jiolojia, ulichokiona na ulichokikisia havichorwi kwa mstari wa aina moja. Mpaka wa miamba uliousimamia mwenyewe unachorwa kwa mstari usiokatika. Uliokisia unakatwakatwa, na uliofunikwa na udongo unawekewa nukta. Ramani ya Geita isiyo na nukta hata moja naitilia shaka kabla sijasoma ripoti. Vilima vya mwamba wa chuma wenye milia vimebaki juu kwa sababu silika yake, yaani madini magumu kama ya mchanga mweupe, haiozi kirahisi, lakini miamba ya kivolkano iliyo pembeni imeoza ikawa udongo mwekundu, na mabondeni kumetanda mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi.

Sasa dira. Milia myeusi ya mwamba ule ina magnetaiti, na magnetaiti huvuta sindano. Ukiilaza dira juu ya jiwe, utasoma uelekeo wa tabaka ambao haupo. Ipime hivi: kutoka kituo cha kwanza lenga cha pili, tuseme usome nyuzi 40, nenda cha pili ulenge ulikotoka. Usipopata 220 au karibu yake, sindano inavutwa kwenye kituo kimojawapo, pengine vyote viwili. Hapo rudi nyuma hadi uwe mbali na mwamba, ulenge kwa kufuata mstari wa tabaka, au chukua pointi mbili za GPS kwenye tabaka lilelile, zikiachana angalau mita 100. Mwinamo, yaani pembe ambayo tabaka limelalia kutoka usawa wa ardhi, endelea kuupima palepale juu ya jiwe: kipimo chake hufuata uzito, hakijali sumaku. Na nyundo iweke chini kwanza, hilo kila mwaka linasahaulika.

Dira zilizosawazishwa kwa ajili ya Ulaya zina kasoro nyingine. Huku kwetu ncha ya kusini huvutwa chini, sindano ikakwaruza kioo. Wengi huinamisha dira kidogo ili izunguke, na usomaji unaharibika. Sogeza kile kiwaya kilichozungushiwa sindano mpaka ilale sawa.

GPS nayo iangalieni kabla ya kutoka kambini. Karatasi za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, wakati kifaa kwa kawaida huja na WGS84; hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali kwa namba. Tofauti ni kama mita 300, yaani milimita 6 kwenye ramani. Kituo cha kilimani kinaangukia bondeni, na mtu anaanza kulaumu ramani.

Pasipo mwamba, tafuteni mahali ulipotobolewa: makorongo, kingo za barabara, visima, kifusi kwenye midomo ya maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo. Kifusi kinatosha, ndani ya duara msiingie. Vichuguu navyo visipitwe, kwa kuwa mchwa hupandisha chembe kutoka chini ya udongo. Ponda bonge moja, lioshe kwenye sahani, utazame kwa lenzi ya mara 10 ikiwa karibu kabisa na jicho. Chembe nzito nyeusi zinazonasa kwenye sumaku zinaweza kuwa dalili ya mwamba wa chuma. Mawe yaliyotapakaa mteremkoni ni ushahidi dhaifu: yameporomoka kutoka juu, kwa hiyo mpaka uko pale yanapoanzia unapopanda, si pale yanapoishia chini.

Unene wa tabaka msiuchukue moja kwa moja kutoka ardhini. Kwenye tambarare, ukikatiza tabaka kwa pembe mraba, zidisha upana kwa saini (sin ya kwenye kikokotoo) ya mwinamo: mita 40 kwa nyuzi 60 ni karibu mita 35.

Sampuli iwe na ukubwa wa ngumi, imevunjwa hadi ndani ambako haijaoza. Ganda la nje lenye kutu hudanganya rangi. Namba iandikwe kwenye jiwe lenyewe na kwenye mfuko, kwani mifuko hupasuka njiani. Daftarini tumieni penseli, wino wa kalamu hutawanyika mvua ikinyesha. Mistari ya ramani ikolezwe wino jioni ileile, mkiwa bado mnakumbuka ni wapi mlisimama na ni wapi mlikisia.