Mbegu ya Atichoki Haimrudishi Mama Yake

Hamjambo, ndugu zangu. Naona wengine mmeshika kalamu, basi hili liandikeni la kwanza: mbegu ya atichoki, ile mboga inayoliwa tumba lake la ua, haimrudishi mama yake. Chuma mbegu kwenye mmea uliokupendeza, wenye matumba manene yasiyo na miiba, uzisie. Miche itakayoota, mmoja utakuja na miiba, mwingine na matumba membamba, mwingine utadumaa tu. Ndiyo maana wakulima wamezoea kupanda maotea yanayochomoza shinani, kama ifanywavyo migomba.

Mtaniuliza, basi mbegu za nini? Kwa kuwa oteo ni lazima umpate mwenye mmea akugawie, na wengi wetu hatuna mtu huyo. Pakiti ya mbegu hufika popote. Tena zipo aina zilizozalishwa makusudi zisitofautiane sana zikioteshwa kwa mbegu. Imperial Star, kazi ya Chuo Kikuu cha California, yaweza kutoa matumba mwaka uleule. Green Globe ni ya zamani zaidi na mara nyingi hukungojesha hadi mwaka wa pili. Anayeanza, ninamshauri aanze na Imperial Star.

Sia wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhamishia bustanini. Loweka mbegu usiku mmoja, fukia sentimita 1 hivi, udongo uwe na joto la nyuzi 21 hadi 27. Baada ya siku 10 au 14 utaona majani ya kwanza. Chagua vyombo vyenye kina, maana mzizi mkuu hushuka mapema. Na sia mara mbili ya idadi unayoitaka. Mche mweupe usio na kijani, ng'oa. Uliodumaa, ng'oa. Najua inauma kung'oa ulichokibembeleza wiki kadhaa, lakini mmea huu ukikua hufika zaidi ya mita 1 kwenda juu na upana uleule. Mmoja mbovu unakula nafasi ya mzuri.

Sasa baridi, na hapa naomba mnisikilize sana. Mwaka wangu wa kwanza nilipata majani makubwa, ya rangi ya fedha, mazuri mno. Tumba hata moja sikuona. Nililaumu mbolea, nikalaumu udongo. Kumbe miche yangu niliilea katika joto mwanzo hadi mwisho. Atichoki hutaka kuonja baridi ndipo itoe maua. Hata Imperial Star, isiyodai mengi, ipe saa 250 hivi chini ya nyuzi 10, yaani kama siku 10 na ushei. Aina nyingine hutaka zaidi. Itoe nje miche ikiwa bado midogo, lakini jalidi isiiguse, itaiua.

Bustanini, mche hadi mche acha mita 1 au zaidi. Weka mboji kwa wingi, na epuka mahali maji yanapotuama, kwani shina litaoza. Matumba yakianza, usiuache udongo ukauke. Vidukari hujificha katikati ya magamba. Wapige kwa maji ya mpira.

Tumba la kwanza hutoka kileleni, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Likate magamba yakiwa bado yamebana, uache kikonyo cha sentimita 5 hadi 8. Yale ya pembeni hufuata, madogo zaidi. Kinacholiwa ni nyama iliyo chini ya kila gamba, na moyo wenyewe. Manyoya ya katikati ni maua yaliyokuwa yanajiandaa, yakwangue.

Wakati wa kuchuma, chomeka kijiti kando ya mmea uliokushinda wote kwa matumba. Msimu ukiisha, chimba taratibu pembeni yake, ukate oteo pamoja na mizizi yake, ulipande. Hilo halitakuwa mtoto asiyefanana na mama. Litakuwa mmea uleule ulioupenda.

Haya, nani ana swali?