Kabla hujakata bima ya picha zako, geuza nyuma

Haya, karibuni tena. Kwa mgeni, mimi natengeneza na kuuza fremu hapa Mwenge, kwa hiyo mwishoni nitakuuzia kitu, usishangae.

Leo tunaandaa michoro na vinyago vyako kwa ajili ya bima. Piga picha mbele, pima urefu na upana, andika jina la msanii, ambatanisha risiti. Hayo mnayajua, twende.

Sahihi ipigwe kwa karibu. Hii ni Tingatinga, rangi yake inang'aa... mnaona? Dirisha limemeza jina lote. Ngoja nisogee. Bado. Haya, zima flashi, simama upande. Hapo!

Sasa geuza nyuma, na shika fremu tu. Vidoa hivi ni ukungu. Huku Msasani na Oysterbay, upepo wa bahari na ukuta unaovuta maji havina huruma. Na bima kwa kawaida hailipi ukungu, mchwa wala rangi iliyopauka taratibu. Inalipa moto, wizi, bomba lililopasuka. Kwa hiyo gundisha vizibo viwili pembe za chini, hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Kinyago cha mpingo usikiweke mbele ya kiyoyozi, kitapasuka.

Kufunga mzigo: nailoni ya mapovu ISIGUSE rangi. Tazama huyu chui wa mteja: madoa mengine kachora msanii, mengine ni alama za mapovu! Joto la Dar linalainisha rangi, nailoni inang'ang'ania. Tanguliza karatasi ya kuokea keki, ndipo nailoni, mapovu yatazame nje. Narudia: karatasi kwanza. Hata kama unaenda Mikocheni tu. Karatasi kwanza!

Bima yenyewe. Hakikisha wakala amesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo: mchoro wa milioni 4 ukiukatia bima ya milioni 2, ukapata hasara ya milioni 1, unaweza kulipwa laki 5 tu, maana ulikata bima ya nusu ya thamani. Mimi napendelea mkataba unaotaja thamani mliyokubaliana kwa kila kipande, maana mchoro hauna bei ya dukani kama friji. Bei zikipanda, mwite mthamini upya.

Orodha yote jitumie kwa barua pepe, isibaki kwenye droo chini ya picha hizo hizo.

Vizibo ninavyo dukani. Vya chupa ya mvinyo ukivikata navyo vinafaa, ila hapo mimi sipati kitu.